Kabla ya kupaka rangi, tuutazame ukuta kwa upande wa jirani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, kila unapoingia mwezi wa Shaaban huonekana katika miji yetu dalili ile ile. Madebe ya rangi hupangwa mbele ya maduka, ngazi huegemezwa kutani, vijana hufunga vitambaa vichwani wakakwangua chokaa ya mwaka uliopita, na kina mama hushusha mapazia wakayafua. Ramadhani inakaribia, na nyuma yake inakuja Idi, na hakuna apendaye wageni wamkute na ukuta wenye madoa. Jambo hili ni jema. Unadhifu ni sehemu ya mafunzo ya dini yetu, na nyumba ya kujisitiri ni neema ambayo wengi wameikosa.

Hata hivyo, leo tunapenda kuuliza swali moja. Tunapozikarabati nyumba zetu, huwa tunatengeneza nini hasa? Je, tunaiondoa madhara, au tunaiondoa machoni petu tu? Hatuulizi kwa nia ya kumsuta mtu. Tunauliza kwa sababu sisi wenyewe tulilijibu swali hili vibaya kwa muda wa karibu miaka miwili, na aliyebeba uzito wa jibu letu hakuwa mmoja wetu. Alikuwa jirani yetu, bibi mtu mzima, mjane.

Mfereji uliotutia kiburi

Familia yetu inaishi Mji Mkongwe, Zanzibar, katika nyumba tuliyoachiwa na babu. Wasiozijua nyumba hizi ni vyema tukawaeleza kidogo. Kuta zake ni nene, zimejengwa kwa mawe yatokanayo na matumbawe, yakaunganishwa kwa chokaa. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa mti wa mkoko hauwi mrefu kupita kiasi, vyumba vingi huwa vyembamba, urefu wa boriti ndio upana wa chumba. Aidha, nyumba nyingi zimeegemeana. Ukuta mmoja una wenyewe wawili: boriti zetu zimeingia upande huu, boriti za jirani zimeingia upande ule.

Mwanzoni mwa mwaka 2016 mfereji wa ghorofani, tunaotawadhia, ulianza kudondoka. Tone baada ya tone, mchana na usiku. Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, tuliweka ndoo ya lita 10 chini yake. Tulipoamka alfajiri ndoo ilikuwa imejaa na sakafu imelowa. Tukapiga hesabu: lita 10 kwa usiku mmoja ni lita 300 kwa mwezi, bila ya kuhesabu mchana. Tukakumbuka kuwa Mtume (S.A.W) alikuwa akitawadha kwa kipimo cha mudi moja, ambacho kwa vipimo vya leo hakifiki hata lita moja. Maji yaliyokuwa yakitupotea usiku mmoja tu, sisi tukiwa tumelala, yangetosha udhu wa watu kumi na zaidi.

Tukaamua kuutengeneza wenyewe. Tulifunga koki ya chini, tukanunua kijipira kisichozidi upana wa ukucha wa dole gumba, tukaazima spana. Mfereji ulikuwa umeshika kutu na haukutaka kufunguka. Tukachukua kipande cha bomba, tukakichomeka kwenye mkono wa spana ili tupate nguvu zaidi, tukavuta watu wawili. Ukazunguka kwa mlio mkubwa. Tukabadilisha mpira, tukafungua koki, na matone yakakoma.

Furaha tuliyoipata siku ile haielezeki. Tulijiona mafundi. Wageni waliokuja tuliwapandisha ghorofani kuuonyesha mfereji usiodondoka. Mlio ule mkubwa hakuna aliyeukumbuka.

Rangi juu ya maji

Baada ya miezi kadhaa doa liliota ukutani, chini ya ule mfereji, ukubwa wa sahani. Tukalikwangua, tukapaka rangi. Doa likarudi, sasa ukubwa wa sinia. Safari hii tulinunua mfuko wa saruji na mwiko, tukauchimba ukuta kidogo, tukapiga lipu ya saruji iliyo nzito, kisha tukapaka rangi ya mafuta juu yake. Ukuta ukang'aa. Kabla ya Idi rangi ikaanza kuvimba mfano wa mkate wa kumimina, ikapasuka, na unga mweupe wenye ladha ya chumvi ukawa unaanguka sakafuni kila asubuhi.

Hapo tukaona tufanye kazi ya watu wazima. Tulinunua marumaru, tukazipanga kuanzia sakafuni hadi usawa wa mabega, tukaziba viungo vyote. Kila Jumapili tulikuwa kazini na nyundo na patasi. Kazi ilipokamilika, hatukuliona tena doa wala unga wala uvimbe. Tulipongezana. Jamaa zetu wawili wakaomba tukawafanyie na wao kwao.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kwa macho yetu ukuta ulikuwa umepona. Kwa hakika tulikuwa tumefanya kazi tatu, ya rangi, ya saruji na ya marumaru, na katika zote tatu hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: maji haya yanatoka wapi, na sasa yanakwenda wapi?

"Nilikuwa nikikusikieni mnagonga"

Jioni moja ya Januari 2018 tulisikia ukelele kutoka nyumba ya pili. Tukakimbia. Mjukuu wa yule bibi, mtoto wa miaka minane, alikuwa amenyoosha mkono kuwasha taa, na swichi ikampiga shoti ikamtupa sakafuni. Alhamdulillahi, mtoto alizinduka, akalia, na kulia kwake kulikuwa faraja kwetu sote. Tulikwenda kuzima umeme kwenye kikatio kikuu, tukawasha taa za simu, na kwa mwangaza ule ndipo tulipouona ukuta.

Ulikuwa ukuta wetu, kwa upande wa pili. Kutoka darini hadi chini ulikuwa mweusi kwa ukungu. Lipu ilikuwa imeanguka, mawe yako wazi, na ukigusa kiganja kinatoka kimelowa. Kitanda cha bibi kilikuwa kimesogezwa katikati ya chumba. Juu yake, boriti mbili zilikuwa zimeoza pale zinapoingia ukutani, na mtu alikuwa amezisimamishia gongo kuzizuia.

Tukamwuliza, "Bibi, kwa nini hukutwambia?"

Akajibu kwa upole, bila ya lawama, "Nilikuwa nikikusikieni mnagonga, wanangu. Kila Jumapili nasikia mnagonga. Nikasema, wenyewe wameshajua, wanatengeneza."

Hatukuwa na jawabu. Kila pigo la nyundo lililompa yeye matumaini lilikuwa linazidi kumpelekea maji.

Alichotufundisha mwashi

Siku ya pili tulimwita mwashi mkongwe, miongoni mwa wachache waliosalia wanaoijua kazi ya chokaa. Hakutoa chombo chochote. Alitaka kwanza mfereji ufungwe, kisha akauweka mkono wake ukutani sehemu mbalimbali, kwetu na kwa jirani, akanusa, akagonga kwa kifundo cha kidole akisikiliza. Halafu akauliza, "Nani aliukaza mfereji huu?"

Marumaru zilipotolewa na lipu ikabanduliwa, alituonyesha. Ndani ya ukuta, pale bomba la zamani la chuma linapopinda, kiungo kilikuwa kimepasuka. Siku ile tulipoichomekea spana bomba na kuvuta watu wawili, hatukuuzungusha mfereji peke yake, tulilipinda na bomba lililokuwa nyuma yake. Ule mlio tuliousahau ulikuwa mlio wa kiungo kile. Tuliyazuia matone tuliyokuwa tukiyaona, tukayafungulia njia maji tusiyoyaona.

Kisha akatueleza habari ya saruji. Ukuta wa mawe na chokaa, alisema, hupumua. Chokaa ina vitundu vidogo, unyevu unaoingia hupata njia ya kutoka na ukuta ukakauka kwa upepo. Saruji ni ngumu na imeshikamana. Ukiipiga juu ya ukuta wa chokaa, unyevu hubaki ndani. Maji nayo huyeyusha chumvi iliyomo katika mawe na kuisukuma kuelekea nje. Maji yanapokauka, chumvi hubaki ikafanya chenga, chenga zikakua, zikaisukuma lipu mpaka ibanduke na vipande vya jiwe. Ndiyo maana rangi yetu ilivimba. Tulipoongeza marumaru hali ikazidi kuwa mbaya, kwani maji hayakuwa na pa kutokea kwetu.

"Mliufunga mlango wenu," alisema yule mzee, "maji yakautafuta wa mwenzenu."

Maneno haya yana uzito katika mji kama wetu. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na dunia nzima huja kuustaajabia. Lakini nyumba zake hazihitaji kustaajabiwa tu, zinahitaji kujuliwa. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka ilhali kazi ya kulikarabati ikiendelea, na kuna waliopoteza maisha. Hatutaki kuingia katika mambo ya wataalamu. Tunasema tu kwamba ikiwa jumba la fahari kama lile laweza kuanguka mikononi mwa warekebishaji, basi nyumba zetu za kawaida zinastahiki tahadhari zaidi kuliko tunavyozipa.

Nani alipe?

Sasa ukaja mtihani ulio mgumu kuliko kazi yenyewe. Nani alipe kwa upande wa jirani?

Tusema kweli, kwa kuwa ukweli ndio utakaomfaa msomaji. Katika kikao chetu cha nyumbani walikuwapo waliosema kuwa ukuta ule ulikuwa mkongwe kabla yetu, na boriti za bibi pengine zilikuwa mbovu tangu zamani. Wengine walisema tugawane nusu kwa nusu, kwani ukuta ni wa shirika. Na bibi mwenyewe alipokuja alituambia kuwa hadai kitu, ametusamehe, na anachoomba ni bomba lizibwe kabla ya masika. Tukatazamana. Ilikuwa rahisi mno kuipokea samahani ile, tukamshukuru, tukatengeneza upande wetu.

Mama yetu mzazi, aliyekuwa kimya muda wote, ndiye aliyesema, "Anayedai mtamlipa kwa kumwogopa yeye. Huyu asiyedai mtamlipa kwa kumwogopa Mungu."

Maneno yale yalimaliza kikao. Na tulipoyatafakari tuliona yanakwenda sambamba na yale tuliyofunzwa. Miongoni mwa misingi ambayo wanazuoni wameijengea hukumu nyingi ni ule utokanao na hadithi ya Mtume (S.A.W), kwamba mtu asidhuru wala wasidhuriane. Na imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (R.A) kuwa Mtume (S.A.W) aliwakataza watu kumzuia jirani asichomeke boriti yake katika ukuta wao. Tumeisikia hadithi hii mara nyingi, lakini hatukuwahi kuizingatia tukiwa chini ya boriti zenyewe. Ikiwa jirani ana haki ya kuuegemeza mti wake katika ukuta wako, vipi utauozesha mti ule kwa maji yako, kisha useme si juu yako?

Samahani ya mdhulumiwa ni ukarimu wake. Haimwondolei aliyedhuru wajibu wa kuondoa madhara, madhali ana uwezo.

Kwa hivyo tulianza na upande wa bibi. Tuliomba kwanza kibali cha Mamlaka inayosimamia hifadhi ya Mji Mkongwe, kwani huko kwetu ukuta haubomolewi kwa hiari ya mtu. Boriti mbili zikasimamishiwa nguzo, zikatolewa, zikawekwa mpya. Lipu yote ya saruji ikabanduliwa, ukuta ukaachwa wazi ukaushwe na upepo wa kaskazi. Bomba la chuma likakatwa, likawekwa jipya, safari hii nje ya ukuta, ili likivuja lionekane. Mafundi wa umeme wakaondoa nyaya zilizolowa. Kisha ikaja chokaa, tabaka jembamba baada ya tabaka jembamba, kila moja likinyunyiziwa maji na kuachwa likomae kwa siku kadhaa kabla ya jingine. Chokaa haitaki haraka. Anayeiharakisha huiona inapasuka nyufa.

Fedha tulizoweka kwa ajili ya mlango mpya wa mbele ziliishia kwa jirani. Upande wetu ulibaki mawe matupu. Mwaka ule, 2018, Ramadhani ilianza katikati ya Mei, na Idi ilitukuta mwezi wa Juni na ukuta usio lipu wala rangi. Wageni walikuja, wakala halua, wakautazama, wakauliza. Tulieleza. Tuliona haya kidogo, hatukatai. Lakini chumba cha bibi kilikuwa kikavu, na kitanda chake kilikuwa kimerudi ukutani.

Kazi ya mkono wako na kazi isiyo yako

Asije mtu akafahamu kuwa tunakataza watu kutengeneza nyumba zao kwa mikono yao. Hasha! Bibi Aisha (R.A) alipoulizwa Mtume (S.A.W) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wake, akishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake. Na msikiti wa Madina ulipojengwa, yeye mwenyewe alibeba matofali pamoja na masahaba zake. Mkono unaotengeneza ni mkono uliokirimiwa, na mtoto anayemwona baba yake ameshika nyundo hujifunza kuwa kazi si aibu. Watoto wa kike nao wafunzwe. Siku bomba litakapopasuka usiku na wanaume hawapo, atakayejua koki kuu iko wapi ndiye atakayeiokoa nyumba.

Yapo mengi ambayo familia yaweza kuyafanya. Kubadilisha mpira wa mfereji, lakini bila ya kuulazimisha, na kama umeshika kutu aitwe ajuaye. Kukaza bawaba za mlango uliolegea. Kusafisha tangi la maji. Kuondoa majani katika mifereji ya paa kabla ya mvua. Kupaka chokaa au rangi juu ya ukuta uliokwisha kukauka. Haya humpunguzia mtu gharama na humwongezea maarifa.

Na yapo ambayo mtu asiyasogelee bila ya utaalamu. La kwanza ni umeme. Fyuzi inapokatika mara kwa mara inatuonya, na anayeweka waya mnene mahali pake ili isikatike amemziba mlinzi mdomo. La pili ni ukuta unaobeba boriti au zege. Kuutoboa mlango mahali usipojua kuna nini juu yake ni kucheza na roho za watu. La tatu ni shimo la maji machafu. Ndani yake hukusanyika hewa yenye sumu, na mara nyingi tumesikia misiba ambayo mmoja ameingia akaanguka, wa pili akamfuata kumwokoa, akaanguka juu yake.

Msomaji wa Magomeni, Tanga au Morogoro, mwenye nyumba ya matofali ya saruji isiyogusana na nyingine, asidhani maneno haya hayamhusu. Paa lako linamwaga maji ya mvua uwanjani kwa nani? Shimo lako la choo liko umbali gani na kisima cha mwenzio? Ulipoinua kiwanja chako kwa kifusi ili maji yasikuingilie, yalielekea mlango wa nani? Kila nyumba ina ukuta wa shirika, hata kama ukuta wenyewe hauonekani.

Fundi naye ana haki

Hatuwezi kumaliza bila ya kuwataja mafundi, maana malalamiko juu yao hayaishi. Ni kweli wapo wanaochukua fedha ya mwanzo wakatoweka, wanaopunguza saruji wakazidisha mchanga, na wanaokoroga mchanga wa pwani wenye chumvi, ambayo huila nondo ndani ya zege pole pole mpaka zege lipasuke. Wenye kufanya hivyo wajue kuwa kupunja si kwa mizani ya sokoni tu. Mwenye nyumba halioni lililomo ndani ya ukuta, lakini Mwenyezi Mungu analiona.

Lakini tujitazame na sisi wenye nyumba. Mara ngapi tumemkamua fundi bei mpaka ikawa haitoshi hata chakula chake, kisha tukashangaa kazi ilipokuwa duni? Mara ngapi tumebadilisha kazi katikati bila ya kubadilisha ujira? Na mara ngapi kazi imekwisha, fundi ameosha mwiko wake, nasi tukamwambia arudi kesho, kesho ikawa wiki? Tumefunzwa kuwa mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la fundi wa Pwani halichukui wiki kukauka.

Dawa ya mengi katika haya ni kuandikiana. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuyawekea mashahidi. Karatasi moja yatosha: kazi gani, kwa vifaa gani na vya nani, kwa siku ngapi, kwa shilingi ngapi, na malipo lini. Wapo wanaoona kuandikiana ni kutoaminiana. Sisi tumeona kinyume chake. Tuliandikiana na yule mzee mwashi, na hadi leo akipita njiani huingia kunywa kahawa.

Ukuta wa mayatima

Ndugu Waislamu, wengi wetu husoma Suratul Kahf kila siku ya Ijumaa. Ndani yake mna kisa cha Nabii Musa (A.S) na yule mja mwema aliyepewa elimu. Waliingia katika mji, wakaomba chakula, wakanyimwa. Wakauona ukuta unaotaka kuanguka, na yule mja mwema akausimamisha. Nabii Musa akaona ajabu: watu wametunyima chakula, nawe unawatengenezea ukuta bila ya ujira? Baadaye akaelezwa kuwa ukuta ule ulikuwa wa mayatima wawili, na chini yake mna hazina yao, na baba yao alikuwa mtu mwema.

Tumekisoma kisa hiki miaka mingi tukiyastaajabia mambo yake ya ghaibu. Siku hizi sisi hukisimamia pale pale penye ukuta. Ulitengenezwa kwa ajili ya watu ambao hawakuomba, hawakulipa, na pengine hawakujua kuwa umetengenezwa. Na sisi tuliutengeneza wetu mara tatu kwa ajili ya macho ya wageni.

Kwa hivyo, Shaaban itakapoingia tena na madebe ya rangi yakapangwa madukani, usianze na rangi. Anza kwa kupiga hodi. Mwambie jirani yako, "Naomba niuone ukuta wangu kwa upande wako." Ukiukuta mkavu, mshukuru Mungu na unywe naye chai. Ukiukuta umelowa, basi umeshajua pa kuanzia, na rangi yako itasubiri. Usingoje aje kukwambia, kwani huenda anakusikia unagonga, naye anasema moyoni mwake, wenyewe wanatengeneza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe nyumba zenye amani na majirani wenye subira, na asitujaalie kuwa sisi ndio sababu ya subira yao.

Wabillahi tawfiq.